Konkodi Isiyopita Mlangoni

Alasiri ya Jumapili Seline alikuwa amekaa kitandani, sinia mapajani, anachagua maharagwe. Alikaa kitandani kwa sababu meza haikuwa yake tena. Meza ilikuwa imechukuliwa na ndege. Nashon, mume wake, alikuwa ametandika gazeti juu yake na kupanga vipande vyeupe vya plastiki, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na namba yake. Sasa alikuwa akipaka gundi ubavu mmoja wa ndege, ulimi umechungulia nje kidogo kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Gundi ilinuka mpaka ikawasha macho. Seline akafungua dirisha. Nashon akainuka, akalifunga, akarudi kukaa. Hakuna aliyesema neno. Ndivyo walivyokuwa wakiishi.

Chumba kilikuwa kimoja, cha mbao na mabati, katika plot ya Mzee Gichuru hapo Gatina, Kawangware, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Vyumba vilitazamana, mfereji katikati, choo nyuma. Sanduku la ndege Nashon alipewa na mzungu wa Lavington aliyekuwa akimtunzia maua. Mzungu alikuwa anarudi kwao, na mtoto wake alikuwa amechoka na ndege hiyo kabla hata ya kuianza. Juu ya sanduku palichorwa ndege nyeupe, ndefu, pua imechongoka, mabawa yamelala nyuma. Ilikuwa ile ya abiria inayokimbia kuliko sauti yake. Watu wa Gatina waliiita Konkodi, na waliijua kwa magazeti ya kufungia nyama.

Nashon hakuwahi kujali habari za ndege maishani mwake. Alichotaka ni kitu cha kuangalia badala ya mkewe, na Konkodi ilikuwa na vipande vya kutosha.

Walikuwa wamenuniana tangu walipokuwa wakiishi Kambi Muru. Huko Kibera walikuwa pia wapangaji wa Gichuru, kwenye safu ndefu ya vyumba vya udongo, na ni huko ambako mama yake Nashon, Mama Nereah, aliwafuata kutoka kwao Seme, kando ya ziwa, miguu imevimba, aje aonwe na daktari. Seline akapendekeza watundike pazia katikati ya chumba, kama wafanyavyo wengine. Nashon alikataa katakata. Kwao mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko.

"Mama hawezi kulala kwa nyumba ya kijana yake," alisema. "Hata hapa Nairobi."

"Lakini hii si nyumba, Baba Awino. Ni chumba."

"Hata kama ni kabati."

Basi Nashon akaazima chumba cha mwisho cha safu, cha Okello, mpangaji mwenzao ambaye alikuwa amekwenda nyumbani kuvuna. Hakumwambia mtu. Mama Nereah akalala huko, na Seline akawa anampelekea jiko na kumpikia uji huko huko. Alasiri moja Seline alikwenda kuteka maji. Aliporudi na ndoo yake kichwani alikuta safu inawaka moto, na moto umeanzia chumba cha mwisho.

Wa kwanza kusema ni jiko alikuwa Gichuru. Baada yake wakasema wote. Mwanamke ameacha jiko limewaka, amefungia mgonjwa ndani, amekwenda kupiga domo mferejini. Nani angebisha? Kwenye mazishi ya Mama Nereah huko Seme, Seline alikalishwa kando ya zizi, na chakula kilipopakuliwa hakuna aliyemwita. Siku ya kurudi Nairobi, Dorka, dada mkubwa wa Nashon, alimshika Awino mkono. Awino ndiye mtoto wao wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuota meno ya ukubwani.

"Aliyemchoma bibi hawezi kulea mjukuu," Dorka alisema. "Siku Nashon mwenyewe atakapokuja hapa aseme kwa mdomo wake si wewe, utamchukua mtoto wako."

Nashon alikuwa amesimama hapo hapo. Aliangalia viatu vyake.

Tangu siku hiyo hakumwita tena Mama Awino. Hakumwita chochote. Gichuru akawapa chumba Gatina, na watu wakamsifu: mzee ana roho, ameunguliwa na bado anawafikiria wapangaji. Kule Kambi Muru mzee akajenga safu mpya, mbili pale palipokuwa na moja. Nashon alikuwa akimsalimia kwa mikono miwili, ameinama. Lakini jiko Seline hakulitupa. Lilikuwa la bati, limepindika kidogo kwa ule moto. Alilisugua kwa jivu, akalibeba kutoka Kibera hadi Gatina kwenye mkokoteni, na kila siku ya Mungu alimpikia Nashon kwa jiko hilo hilo, akalitenga karibu na mguu wa meza ambapo asingeacha kuliona. Kila mtu na silaha yake.

Sauti ilianza kuchelewa siku tumbo la ndege lilipofungwa. Kifuniko cha sufuria kilianguka, Seline akainama, akakiokota, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake, ndipo kikasikika kinaanguka. Alikitazama. Kisha akaendelea kukoroga. Nashon naye alipiga chafya akiwa mezani, na chafya ikafika yeye akiwa ameshatoka kwenda mferejini kunawa gundi. Kageha, jirani wa mlango wa pili ambaye aliuza sukuma wiki mbele ya plot, alikuwa anapita na beseni.

"Pole na mafua," alikiambia chumba kitupu.

Hakuna aliyelishangaa jambo hilo sana. Konkodi huacha sauti yake nyuma, kila mtu alikuwa amesoma hilo kwenye gazeti la nyama, na anayekaa na Konkodi chumba kimoja ataachaje kuacha yake? Nje ya mlango mambo yalikuwa ya kawaida. Ndani, kadiri ndege ilivyokua, ndivyo sauti zilivyobaki nyuma. Bawa la kwanza lilipoingia, chai ya asubuhi ilisikika ikinywewa saa ya chakula cha mchana. La pili lilipoingia, Nashon akawa anakoroma mchana kutwa naye yuko Lavington anapogolea watu maua. Seline alifua nguo akisindikizwa na mkoromo huo, na kusema kweli ulimkera zaidi hivyo, kwa vile hapakuwa na mbavu za kupiga kiwiko.

Kageha alijifunza kuomba chumvi akiwa nje ya kizingiti. Wageni walijifunza kukaa kimya. Kwa Nashon na Seline hapakuwa na kubwa la kujifunza, maana maneno yao yote yangeenea kwenye kijiko. Lakini Seline aligundua raha moja. Jioni, wakila, alimkazia mumewe macho na kumtukana taratibu, tusi baada ya tusi, toka unyayo hadi utosi. Nashon aliona midomo inacheza, akadhani anasali. Matusi yenyewe yalitoka kesho yake saa nne asubuhi, na Kageha alikuwa akiweka kisu chini asikilize vizuri.

"Leo umemkanda, Mama Awino," alimwambia. Kageha peke yake ndiye aliyekuwa bado anamwita hivyo.

"Hajasikia hata moja."

"Si ungemtukania hapa nje basi?"

"Hapa nje atanijibu," Seline akasema. "Na nikisikia sauti yake nitamuuliza habari ya mtoto. Nikimuuliza habari ya mtoto ataangalia viatu. Siku hiyo nitamuua, Kageha. Nakuambia ukweli."

Kageha aliona hilo ni jibu la maana, akarudi kwenye sukuma zake.

Wakati huo ndege ilikuwa imeshatoka mezani. Nashon alikuwa ameitengenezea vigingi vya mbao, mkia ukagusa kitanda na bawa moja likapita juu ya jiko. Seline alipika ameinama chini ya bawa. Madirisha yalikuwa madogo kama punje za mtama, na Nashon aliyabandika moja moja kwa kibanio cha nyusi. Akaloweka stika kwenye maji ya sahani, sahani ya kulia, akazilaza ubavuni bila hata kunyanzi moja. Alikuwa na mkono mzuri. Jambo hilo Seline alilijua tangu zamani, na lilimuuma kuona mkono mzuri namna hiyo ukihangaikia plastiki.

Mwisho wa mwezi Gichuru alikuja na Chege, msimamizi wake wa plot. Gichuru alikuwa mtu mfupi, koti la suti na raba za mvua, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za babu yake, mzee wa kanisa. Chege alikuwa mrefu na kazi yake ilikuwa kumfuata nyuma na kukubali. Walisimama mlangoni, Gichuru akaitazama ndege kutoka pua, ambayo haikuwapo bado, hadi mkia.

"Hii itatoka aje?" aliuliza kutoka nje, ambako angesikika.

Nashon akatoka, akasalimia kwa mikono miwili. Akageuka, akautazama mlango, akaitazama ndege. Mabawa yalikuwa mapana kuliko mlango, na dirisha ndilo kabisa. Miezi yote hiyo hakuwa amefikiria kuitoa. Pengine hakutaka itoke.

"Sijui, mzee."

"Kitu haiwezi kupita mlango ni sehemu ya nyumba," Gichuru akasema. "Kama ukuta. Kama paa. Na nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Chege, umesikia?"

"Nimesikia," Chege akasema.

"Basi maliza vizuri. Usiniharibie."

Nashon akasema asante. Seline, aliyekuwa akianua nguo kwenye kamba, alizikunja moja moja bila kugeuza shingo.

Pua ndiyo iliyokuwa kipande cha mwisho. Pua ya Konkodi huinama ndege ikitaka kutua, rubani apate kuona chini, na Nashon alitaka ya kwake iiname pia. Aliihangaikia wiki nzima. Siku aliyoipata ilikuwa Jumamosi mchana, jua la mabati. Siku hiyo hiyo Gichuru alikuja tena, safari hii kuwatangazia wapangaji wote watoke: anabomoa, anajenga nyumba ya mawe ya ghorofa. Aliwatangazia uani, wakaguna, akawaacha wakiguna. Kisha akaingia kwa Nashon kuitazama mali yake. Chege akaingia nyuma yake. Seline akamwekea mzee chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa nyoka, na wapangaji wakasongamana mlangoni, Kageha mbele.

Nashon akapachika pua. Akaiinamisha, akaiinua. Ikafunga sawasawa.

Mshindo ulitoka ndani ya chumba kwenda nje. Mabati yalinyanyuka yakarudi mahali pake, kuku wa plot wakalala chini, na watu wa mlangoni wakarudi hatua moja. Ndivyo ndege hizo zinavyofanya. Sauti zote zilizoachwa nyuma zilikuwa zimejikusanya, na sasa zikafika. Zile za zamani zaidi ndizo zilizokuwa na haraka zaidi, kwa hiyo zikatangulia, na zilitokea chini ya bawa, pale penye jiko la Kambi Muru.

Kwanza ilisikika sauti ya Mama Nereah, dhaifu lakini yake kabisa.

"Seline, umezima jiko?"

"Nazima, mama," ikajibu sauti ya Seline, ile ya wakati ule, changa zaidi. Kisha yakasikika maji yakimwagwa juu ya makaa, tsssss, marefu, mpaka makaa yakanyamaza. "Nateka maji, narudi sasa hivi. Mlango nausindika tu." Ndoo ikagonga kizingiti. Ndara zikaenda zikififia.

Seline alisimama na birika mkononi. Hakumtazama mtu ila Nashon.

Kisha ikasikika sauti ya Gichuru, kwa Kikuyu, na hapo Gatina hakuna asiyejua Kikuyu cha kumtosha. Mwaga upande huo wa mwisho, ilisema, upepo utabeba wenyewe. Wakiambiwa watoke kwa mdomo hawatoki. Sauti ya Chege ikauliza kama hakuna mtu humo. Ya Gichuru ikajibu: hicho ni chumba cha Okello, na Okello yuko kwao anavuna. Debe likagonga ukuta. Mafuta ya taa yakagugumia.

"Nani huko?" akauliza Mama Nereah, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Pakawa kimya. Kimya hicho nacho kilikuwa kimechelewa, na kilifika kizima, hata kipande hakikupungua. Watu walioko mlangoni walikisikia chote.

"Ni sisi, mama," ikasema sauti ya Chege. "Tunatengeneza ukuta."

"Asanteni," akasema Mama Nereah.

Kiberiti kikawashwa. Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa. Yalisikika mpaka mwisho, na yalikuwa marefu. Baadaye zikaja sauti nyingine zote, vijiko, chafya, mikoromo, matusi ya Seline ya jana yake yaliyokuwa bado njiani, kisha chumba kikatulia.

Gichuru alimaliza chai. Akaweka kikombe chini ya bawa, akatoka uani, akafuta midomo kwa leso.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema. "Sikatai. Mimi si mtu wa kukataa. Lakini nilisema Okello hayuko. Okello alikuwako?"

Watu wakatazamana. Okello hakuwako, hilo lilijulikana.

"Na mimi nilisema tunatengeneza ukuta," Chege akasema. "Na ukuta ulitengenezwa. Muende Kambi Muru muone. Ni ya mawe."

"Ningeambiwa kuna mgonjwa," Gichuru akaongeza, sasa akimtazama Nashon, "si tungengoja? Nani alimweka mama ya watu kwa chumba ya wenyewe na hakusema? Ni mimi?"

Mmoja wa wapangaji akauliza siku ya kuhama ni ipi hasa, kwa sababu ana vitu vingi, na mazungumzo yakaelekea huko. Kageha peke yake alitema mate chini, karibu sana na raba za mzee, lakini si juu yake.

Jumatatu Seline alikwenda polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kalamu ikiwa nyuma ya sikio.

"Hiyo sauti iko wapi sasa?"

"Imeshasikika."

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Sasa mama, nitaandika nini? Nitashika sauti imeisha? Ikirudi, uje nayo."

Akarudi Gatina kwa miguu. Nashon alikuwa uani, anafungasha vitu. Kitanda kimeshafunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Seline akasimama mbele yake mahali penye jua, ambako maneno yalifika papo hapo.

"Umesikia maji nikimwaga," akasema.

Nashon akatikisa kichwa kukubali.

"Basi twende Seme. Leo. Umwambie Dorka. Maneno mawili tu: si yeye. Si hotuba hiyo. Nipewe mtoto wangu."

Nashon alifungua mdomo. Kageha, aliyekuwa akikata sukuma pembeni, aliacha kisu hewani. Mdomo ukafunga. Maana Dorka angesikiliza, angekubali, kisha angeuliza: na nani alimlaza mama chumba cha watu? Na nani alikataa pazia? Hilo Nashon alikuwa ameliona linakuja tangu siku ya moto. Alikuwa amejificha nyuma ya jiko la mkewe kisha akajificha nyuma ya ndege, na sasa hapakuwa na kitu kingine cha kujificha nyuma yake. Aliangalia viatu.

Seline hakumuua. Alikuwa amefikiri atamuua, lakini alijikuta amechoka tu. Aliingia ndani, akatia kanga mbili na nguo za Awino ndani ya kikapu, nguo ambazo hazingemtosha tena.

Nashon akamfuata ndani. Akasimama kando ya pua ya Konkodi, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu Kambi Muru, na akasema. Midomo ilicheza polepole, na yalikuwa maneno zaidi ya mawili. Machozi yalimtoka. Alipomaliza alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Hapakusikika kitu. Ndege ilikuwa imekamilika sasa, pua na vyote, na sauti iliachwa nyuma kuliko wakati wowote.

Seline akamwashiria mlango kwa kidole: toka, useme nje. Nashon akatikisa kichwa kukataa. Akamwashiria tena. Akatikisa tena, akajipangusa machozi, akaonyesha kifua chake kwa kiganja, kwamba ameshasema, kwamba amelitoa. Hapo ndipo Seline alipomwelewa mumewe vizuri kuliko miaka yote ya ndoa. Alikuwa amechagua chumba. Nairobi nzima ina mahali pa kusema neno, na yeye alichagua pale pasiposikika. Seline akalichukua jiko kutoka chini ya bawa, likiwa baridi, akalitia kikapuni juu ya nguo, akatoka.

Alifika Seme kesho yake mchana. Dorka alikuwa akianika samaki. Alimpa maji ya kunawa, akampa kiti, akampakulia chakula, maana siku hizo hasira zilikuwa zimeshuka na adabu zimerudi. Awino alitoka nyuma ya nyumba na kuni kichwani, mrefu. Akazitua, akafuta mkono kwenye gauni, akampa Seline kama anavyopewa mgeni, kisha akaenda kusimama karibu na shangazi yake.

Seline alisimulia yote: maji juu ya makaa, debe, kiberiti. Dorka alisikiliza. Hakuona ajabu, ziwani sauti hukawia kila siku, mtu hupiga kasia upande wa pili na wewe ukasikia baadaye.

"Na Nashon amesema nini?" akauliza.

"Amesema."

"Amesema nini?"

"Haijafika bado."

Dorka akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Basi ikifika, uje," alisema, bila ubaya. "Mtoto hatatoroka."

Seline alimwachia Awino zile nguo. Dorka alizipokea, akasema zitamfaa mtoto wa jirani.

Gatina, plot ilibomolewa. Chege na vibarua walilitoa paa la chumba cha Nashon, wakaipandisha Konkodi juu kwa kamba, wakaibeba hadi kwenye baa mpya ya Gichuru na kuitundika darini juu ya kaunta. Ilipendeza. Wateja waliagiza kwa vidole, na matusi yao ya ulevi yalisikika kesho yake wakati baa inafagiliwa, hakuna wa kukasirika. Gichuru alisema ndiyo baa yenye amani kuliko zote Kawangware. Nashon aliajiriwa huko kupangusa vumbi mabawani, kwa vile mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakuongea na mtu, lakini humo hakuna aliyetegemewa kuongea.

Nyumba ya mawe ikapanda, ghorofa juu ya ghorofa. Mahali palipokuwa chumba chao pakawa chini ya ngazi, na hapo Kageha akaweka genge lake la mboga. Alasiri moja, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, alikuwa akimkatia mteja sukuma wakati sauti ya Nashon ilipofika. Ilifika nzima, na machozi yake ndani.

"Si wewe, Mama Awino. Ni mimi nilimweka kule. Nisamehe. Twende tumchukue mtoto, nitamwambia Dorka mwenyewe."

Kageha aliinua kisu. Aliitambua. Akangoja kidogo kama kuna zaidi, lakini hakukuwa na zaidi.

"Alihama," akasema.

Kisha akaendelea kukata, nyembamba, kwa sababu mteja alikuwa amesema anaitaka nyembamba.